Choo ya shule imeangalia kibla

Leo nimeambiwa nibomoe choo nilijenga kwa mikono yangu.

Ni ya shule mpya ya kibinafsi hapa Garissa. Wiki jana nilimwambia foremani, mtu wa Nairobi: hizi shimo zinaangalia kibla, Muislamu hawezi kuchuchumaa hapo.

"Mzee, koroga simiti. Ramani si yako."

Nikakoroga. Mama watoto alifariki, na nyumba yangu inakula kwa hii mjengo tu.

Leo mwenye shule amekuja. Akasimama mlangoni, akageuka kuangalia kibla iko upande gani.

"Warya, wewe, nani alisema hii ikae hivi?"

Foremani akaniangalia. Mimi nikaangalia karai.

"Bomoa yote! Anza upya!"

Kazi ilikuwa iishe Alhamisi. Sasa iko wiki mbili zingine, alhamdulillahi.

Nani ako na nyundo kubwa aniazime?