Zipu ya Kocha Pacifique

Siku Pacifique alipozikwa, cherehani ya dada yake Agnès ilifunikwa kwa shuka jeupe, na aliyeifunika hakuwa Agnès. Alikuwa baba mdogo Damien, ndugu wa marehemu baba yao, mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha hata mambo yasiyopinda. Alilivuta lile shuka pande zote mpaka likakaa kama kitambaa cha meza ya Bwana.

"Kwetu Lubumbashi," alisema, "nyumba yenye msiba haishoni nguo ya sherehe mpaka matanga yaishe. Umenisikia, Agnès?"

Agnès alisikia. Baada ya wiki chache shuka lilianza kukunjwa asubuhi na kurudishwa jioni, maana wateja wana suruali za kufupisha na watoto wana sare za shule. Lakini sharti lilibaki palepale. Bibi harusi aliyekuja na kitambaa chake aliambiwa aende kwa fundi mwingine.

Duka la Agnès lilikuwa kwenye barabara kuu ya mtaa wa Kensington, limebanwa kati ya kinyozi na muuza simu. Alifika Johannesburg kwa basi kutoka Lubumbashi, kichwa cha cherehani kikiwa kimeviringishwa ndani ya blanketi mapajani, na abiria mwenzake alidhani amepakata mtoto mgonjwa, akamwombea njia nzima. Agnès hakumsahihisha. Alisema maombi hayapotei, na kweli ile mashine haikuwahi kumsumbua.

Mtoto wake hasa alikuwa Pacifique, mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipofariki, Agnès ndiye aliyemfunga kamba za viatu, akampeleka shule, na baadaye akamwita amfuate Johannesburg. Usiku Pacifique alilinda geti la nyumba moja huko mtaa wa Observatory. Mchana, badala ya kulala kama walinzi wenzake, alikuwa kocha wa timu ya mpira ya chuo kimoja cha ufundi katikati ya jiji, chuo cha vijana wanaosomea umeme na uchomeleaji, Wakongo, Warundi na Wazulu waliochanganyika. Hakuna aliyemwomba kazi hiyo. Alianza kwa kusimama kando ya kiwanja akitoa maelekezo ambayo hakuulizwa, na msimu uliofuata wakaona heri wampe filimbi.

Yeye ndiye aliyeanzisha Siku ya Tuzo. Kila Novemba, msimu ukiisha, timu ilikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye jengo la zamani karibu na stendi ya teksi, yale mabasi madogo ya abiria, na tuzo zilitolewa kwa makosa tu. Vikombe havikuwepo. Tuzo zote zilikuwa za kitambaa, na zote alizishona Agnès kwa mabaki ya vitenge. Mshambuliaji aliyependa kujiangusha alipata mto wa kufunga mgongoni. Refa wao, Owuor, Mkenya aliyefanya kazi benki na kupuliza filimbi mwisho wa wiki, alipata mfuko wa shati ulioshonwa ukafungwa pande zote, ili kadi zake za njano zisitoke tena.

Kanuni zilikuwa chache na hazikuvunjwa. Mshindi husimama kwanza kujitetea, na kesi yake hushindwa siku zote. Kisha huvalishwa tuzo, akaondoka nayo hivyohivyo mpaka ndani ya teksi, watu wakimshangaa. Wala hajivui mwenyewe. Lazima mtu wa nyumbani kwake amfungue. Kocha naye hupata yake, inayochaguliwa na wachezaji kwa siri, na kila mwaka ni Agnès aliyemfungua Pacifique fundo la shingoni huku akimwambia, "Umestahili."

Mwaka ule, 2018, moyo wa Pacifique ulisimama mwezi wa Septemba, akiwa zamu getini.

Novemba ilipoanza, nahodha Gradi, kijana mrefu wa darasa la umeme, alisimama mlangoni mwa duka akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mama Agnès, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mdaiwa? Ingia."

"Nimekuja kwa habari ya Tuzo, mama. Mzee Damien amesema mwaka huu zisiwepo. Tufanye kumbukumbu. Kwaya iimbe, kisha Kocha apewe cheti kwenye fremu."

"Cheti cha nini?"

Gradi alikohoa. "Kimeandikwa 'Baba Mpole, Mfano wa Ukimya na Unyenyekevu.'"

Agnès akaweka mkasi chini. "Nani?"

"Kocha."

"Pacifique? Pacifique wetu, aliyemfukuza mshika kibendera mpaka kwenye maegesho ya magari?"

"Huyohuyo, mama."

"Eish," alisema Agnès. Halafu akamtazama Gradi vizuri. "Nyinyi mlikuwa mmemchagulia nini?"

Gradi alizungusha kofia mkononi. Alijaribu kusema hawakuwahi kupiga kura, lakini hakuwa hodari wa kudanganya, na Agnès alikuwa amelea mtu aliyekuwa hodari zaidi. Mwishowe akasema. Kura ilipigwa mapema, mwezi wa Agosti, ndani ya teksi, siku ya mechi ya Germiston.

Hadithi ya mechi hiyo Agnès aliijua. Wakati wa mapumziko Pacifique aliwakalisha vijana kwenye nyasi akaanza kuwaelekeza. Refa Owuor akapuliza filimbi. Akapuliza tena. Wapinzani wakajipanga. Vijana wachache wakachomoka kimyakimya wakarudi uwanjani, na Owuor, aliyechoka kungoja, akaanzisha mpira. Bao liliingia kipa Pitchou akiwa bado amekaa mbele ya kocha na chungwa mdomoni. Pacifique akageuka, akautazama mpira wavuni, akasema, "Mnaona? Hicho ndicho nilichotaka kuwaeleza. Na bado nilikuwa kwenye utangulizi."

"Kwa hiyo tulisema umshonee mdomo, mama," Gradi alimalizia kwa sauti ya chini. "Mdomo mkubwa, mwekundu, wenye zipu. Tukimvalisha, tunaifunga. Lakini sasa... Mungu ameshaufunga. Tuliogopa."

Agnès alikuwa amemwona mdogo wake ndani ya jeneza, amevaa suti aliyoishona yeye mwenyewe, na kilichomchoma zaidi ya vyote kilikuwa ule mdomo uliotulia. Tangu Pacifique ajifunze kusema, Agnès hakuwahi kuuona umetulia mbele ya watu.

"Zitafanyika," alisema. "Tuzo zote. Mwambie na refa aje. Huo mdomo nitaushona."

Baba mdogo Damien alifika siku iliyofuata, kwa maana habari hutembea. Akakuta kitambaa chekundu mezani, kimekatwa midomo miwili.

"Agnès. Watu watasema nini? Udongo wa kaburi haujakauka, wewe unataka kumchekesha marehemu?"

"Namtaka yeye mwenyewe, baba mdogo. Huyo mpole wa kwenye fremu simjui. Mkiniwekea huyo, mnakuwa mmenichukulia yule wangu mara ya pili."

"Ninamsitiri mtoto wa kaka yangu! Mtu akishakufa husemwa mema."

"Hayo ndiyo mema yake. Aliongea na vijana ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiongea nao."

"Na Mungu je? Unamwomba asubuhi, mchana unashona mizaha?"

"Mungu amemsikiliza Pacifique akiombea chakula mpaka ugali wa bukari ukapoa mezani. Anamjua. Hatadanganyika na cheti."

Damien akachukua shuka jeupe lililokuwa limekunjwa kwenye kiti, akalitandaza juu ya cherehani, juu ya kitambaa chekundu na pini, akalinyoosha pembe zote nne, akatoka.

Agnès alimtazama kupitia dirishani mpaka akavuka barabara pale kwenye roboti, taa za magari. Machozi yalimtoka, akayaacha. Aliomba kwa sauti, akimwambia Mungu kwamba kama anakosea amzuie sasa, maana akishakata haitawezekana kurudi nyuma. Akangoja. Kinyozi wa jirani aliwasha redio. Hakuna kilichomzuia.

Mdomo ule mwekundu ulikuwa unakosa meno. Agnès akashika pembe ya lile shuka la msiba, akaingiza mkasi.

Jumamosi ya Tuzo ukumbi ulijaa kuliko miaka yote, wengine wakiwa wamekuja kuona kama kweli zitafanyika. Damien alikaa kiti cha mbele, mikono kifuani, fremu yake ikiwa imeegemea mguu wa kiti. Kwa muda vijana waliongea kwa kunong'ona, kila mmoja akimtazama mzee kabla ya kucheka.

Pitchou ndiye aliyeitwa wa kwanza. Tuzo yake ilikuwa bibu ya mtoto mchanga yenye picha ya chungwa.

"Jitetee!" wakapiga kelele wenzake.

"Ndugu zangu, kocha alikuwa anaongea na mimi uso kwa uso. Ningeinukaje? Halafu lile chungwa lilikuwa tamu."

"Ameshindwa!"

Refa Owuor alipewa saa ya kitambaa isiyo na mishale, kwa kukosa subira. Alisimama na suti yake ya benki, akainua mikono juu.

"Jameni, mnionee huruma! Mimi nilipiga filimbi, nikapiga tena. Unajua huyo jamaa alinijibu nini? Alisema 'amina', akaendelea!"

Ukumbi ukacheka kwa mara ya kwanza bila kumtazama mzee. Kisha Gradi akachukua kile kilichobaki mezani, kimefunikwa gazeti.

"Tuzo ya Zipu ya Dhahabu," alisema. "Kwa..." Akaliondoa gazeti. "Kwa Kocha Pacifique. Jitetee."

Hakuna aliyesimama. Kijana mmoja alianza kulia. Damien aliinama akaishika fremu, na alikuwa tayari kusimama, pale Agnès alipopita mbele yake na gauni lake jeusi.

"Nitamtetea mimi," alisema.

Akaanza mwanzo kabisa. Alisema Pacifique alipokuwa mdogo alichelewa kusema, mama yao akahofu ni bubu, akampeleka kuombewa. Mchungaji akamwekea mikono kichwani. "Na mimi nadhani," alisema Agnès, "mikono ile iliwekwa muda mrefu mno." Akasimulia jinsi Pacifique alivyofika mpakani Beitbridge akaongea na askari wa uhamiaji mpaka foleni nzima ikamwombea apitishwe. Akasimulia habari za mbwa mmoja wa Observatory aliyekuwa akihamia nyumba ya pili Pacifique akianza zamu. Akaeleza jinsi alivyorudi asubuhi, macho mekundu, akamsimulia dada yake mechi nzima ambayo dada mwenyewe aliitazama. Watu walicheka, wakafuta macho, wakacheka tena, na Agnès hakukaa. Akaingia habari za viatu vyake vya kwanza. Owuor akatazama saa yake isiyo na mishale.

"Agnès," Damien alisema kutoka mbele. "Sasa inatosha, mwanangu."

Agnès akamgeukia. "Baba mdogo, bado niko kwenye utangulizi."

Ukumbi ulilipuka. Vijana walipiga viti, Pitchou alianguka chini na bibu yake, na Owuor akatoa filimbi mfukoni akapuliza kwa nguvu zake zote, kama siku ile.

"Ameshindwa!" wakapaza sauti. "Kocha ameshindwa!"

Gradi alimfunga Agnès ule mdomo shingoni, mkubwa, mwekundu, ukakaa kifuani juu ya gauni jeusi. Kisha, kama walivyokusudia tangu Agosti, akashika kichwa cha zipu ili aifunge. Kilienda kidogo kikasimama. Akavuta tena.

"Mama Agnès, imekwama."

"Haijakwama. Nimepiga mishono ya kuizuia. Hiyo haifungi."

Damien alikuwa amesogea karibu. Aliinamisha kichwa, akayatazama meno meupe kwa muda.

"Kitambaa hiki nakifahamu," alisema.

"Ni shuka lako."

Mzee akaitazama fremu aliyokuwa ameshika, akaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, kisha akaibana kwapani. "Nitaitafutia mtu mpole," alisema, akarudi kukaa.

Jioni ile Agnès alipanda teksi na mdomo wake kifuani. Mama mmoja alimuuliza kwa Kizulu ni kitu gani. Agnès alijibu kwamba ni tuzo ya mdogo wake, na mpaka teksi inafika Kensington alikuwa hajamaliza kueleza.

Jumapili asubuhi Damien alikuwa zamu mlangoni mwa kanisa. Alimwona Agnès akipanda ngazi, gauni jeusi, Biblia mkononi, na ule mdomo mwekundu umeachama kifuani.

"Utaingia nao kwa Bwana?"

"Nitaingia nao."

"Si kanuni yenu ni mpaka nyumbani? Jana hukufika nyumbani?"

"Nilifika, baba mdogo," alisema Agnès. "Hakukuwa na mtu wa kunifungua."

Waumini walikuwa wanapita, wakitazama. Damien akapeleka mikono yake nyuma ya shingo ya Agnès, akalishika fundo. Agnès alisimama wima, akangoja.

"Limelegea," mzee alisema. Akalikaza vizuri, akaunyoosha ule mdomo pande zote mpaka ukakaa sawa, kisha akamfungulia mlango.