Hodi ya Balbu

Nakumbuka siku niliyonyang'anywa plagi mkononi pale Kariakoo, karibu na Msimbazi, na fundi ambaye ndiyo kwanza nilikuwa nimemsalimia. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliivuta tu, akaitia mfukoni mwake, akaniuliza mbele ya wateja: "Binti, kwenu mnaingia nyumba za watu bila hodi?"

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mimi, mtoto wa Magomeni, niliyefundishwa hodi kabla ya kufundishwa kuvaa viatu! Lakini kaa vizuri nikueleze plagi ilikuwa ya nini, maana nyie vijana wa sasa mkisikia redio mnafikiria muziki tu.

Baba yangu alikuwa na redio ya kuongelea. Si ile ya kusikiliza taarifa ya habari, la. Unasema, na mtu wa mbali anakujibu. Alikuwa nayo kwa kibali, kwa sababu kazi yake bandarini ilikuwa ya mawasiliano, na akirudi nyumbani anaendelea na ile ile kwa mapenzi yake mwenyewe. Lilikuwa dude la chuma, zito kama gunia la mchele, na ndani lilijaa valvu, yaani vitaa vya kioo ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo vifanye kazi. Kila siku baada ya swala ya alasiri baba aliongea na rafiki yake wa Mtwara, Mzee Chilumba. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini kila mmoja aliyajua majina ya wajukuu wa mwenzake.

Kisha redio ikanyamaza. Ikasukumwa mvunguni, miaka ikapita, na baba naye akaanza kunyamaza. Alasiri ikifika anakaa barazani, mikono mapajani, kama mtu aliyefiwa na hakuna aliyempa pole. Nilikuwa naumia kumtazama. Kaka yangu Hamisi akataka redio iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa ajili ya shaba iliyomo. "Hilo debe tupu," akasema. Baba hakubishana naye. Alisema tu, "Ikisema kabla ya Idi, ibaki. Isiposema, ichukueni, nisiione tena."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwelikweli. Nikaitoa, nikaitikisa kikadondoka kiota cha panya, nikaipakia kwenye mkokoteni mpaka kwa Fundi Haule, mtu wa Songea aliyekuwa na meza yake ya redio pale Kariakoo. Kwa pupa yangu nikataka kuichomeka papo hapo, tuone. Ndipo plagi ikaishia mfukoni mwake.

"Hii imelala miaka mingi," akaniambia, sasa kwa upole. "Kapasita zake, hizi zinazotunza umeme, zimekauka. Ukiimwagia umeme wote kwa mpigo zitapasuka, na zikipasuka transfoma inaungua. Transfoma ya hivi Bongo nzima huipati. Kilicholala hakiamshwi kwa kofi, binti. Kinabishiwa hodi."

Hodi yenyewe ilikuwa balbu, tena balbu ya kawaida ya chumbani. Aliifunga njiani, ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike redioni. Balbu ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna hitilafu, hujakaribishwa, rudi nyuma. Ikimulika kisha ikafifia, umeambiwa karibu.

Tukabisha. Loh! Balbu iliwaka mpaka wateja wakafumba macho. Fundi akazima, akanisogezea kigoda na bisibisi. "Fungua. Ya baba yako, si ya baba yangu." Basi nikawa naenda kila siku. Akanifundisha kulehemu, akanifundisha na kungoja umeme uliobaki ndani uishe kabla sijaingiza kidole, maana ule huua. Tukabadilisha kapasita zote mbovu, tukabisha tena. Balbu ikawaka vile vile.

Hapo nilitaka kulia. Idi ilikuwa inanukia, na Hamisi ameshaanza kunitania kila nikiingia ndani. Nikamwambia fundi, tuichomeke tu, liwalo na liwe. Akacheka.

"Hodi ni ngapi kwa Waswahili?"

"Tatu."

"Na sisi tumebisha ngapi?"

Nikarudi kwenye bisibisi, na safari hii nikapekua waya mmoja mmoja mpaka chini ya transfoma, mahali nilipokuwa napaogopa. Hapo nikaukuta. Panya alikuwa ameumenya, nao umegusa chuma. Nikaufunika, tukabisha ya tatu. Balbu ikamulika, ikafifia, na valvu zikaanza kuiva moja moja kama makaa yanapopulizwa. "Karibuuu!" Fundi Haule alipaza sauti mpaka muuza vitenge wa jirani akaitikia, "Ahsante!"

Ilikuwa mkesha wa Idi, alasiri. Nafika nyumbani, Hamisi yuko mlangoni na mnunuzi wa vyuma, mzani begani. Nikawapita kama siwaoni. Nikaunganisha waya wa antena, ule ule wa siku zote juu ya paa, nikaiacha redio ipate moto, nikamwita baba. Akaketi, akashika kipaza sauti.

"Hodi," akasema. "Hodi Mtwara."

Mvumo tu. Akabisha ya pili. Mvumo. Hamisi akaguna, "Baba, huko hakuna mtu." Baba akanitazama, nami nikanyoosha vidole vitatu. Akavuta pumzi.

"Hodi!"

"Karibu!" Sauti ikapasua mvumo. "Karibu ndani, ndugu yangu! Ulikuwa wapi wewe? Kila alasiri nakufungulia mlango!"

Weee! Nilipiga kigelegele kilichosikika mtaa wa pili. Baba alilia waziwazi, huku anacheka, huku anauliza habari za wajukuu. Mnunuzi wa vyuma aliweka mzani chini, akavuta kigoda, akakaa kusikiliza hadi magharibi. Na Hamisi? Ndiye aliyemletea baba mto wa kuegemea.

Redio hiyo ninayo hadi leo, na nyingine nyingi nimeziamsha kwa mikono hii. Vijana huniletea na kuniambia, "Bibi, chomeka tu tuone." Nami huwauliza swali la Fundi Haule: kwenu mnaingia nyumba za watu bila hodi?

Basi shika hili, mwanangu. Kuna ndugu uliyenuniana naye miaka, kuna kazi uliyoitupa, kuna mzee aliyenyamaza ndani ya nyumba yako. Usiviamshe kwa kofi, na usiviuze kwa bei ya chuma. Bisha hodi. Ukiona moto unawaka, rudi nyuma utafute kilichoharibika, hata kama kiko mahali unapopaogopa, kisha ubishe tena. Wengi hugeuka baada ya hodi ya pili, na mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza anavaa kandambili aje kufungua.

Nenda. Mola akupe adabu ya kubisha na kifua cha kungoja, na kila mlango utakaosimama mbele yake, sauti ya ndani ikuitikie: karibu.