Majani Mawili ya Kwanza

Laiti ningemkatalia mwalimu wangu wa kilimo. Tulikuwa tunafunga shule, enzi za Mwingereza, akanituma nikifika nyumbani Kihanga niyakate yale majani mawili manene ambayo haragwe huchomoza nayo ardhini, kisha nimletee mizizi aone tofauti. Nilikuwa wa kwanza kwetu kufika sekondari. Nikaitikia kabla hajamaliza.

Hakusema nitumie maharage ya mama. Hilo niliamua mwenyewe, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yanachomoza kibanjani, katikati ya migomba. Yalikuwa meusi yenye doa jeupe. Mama alikuja nayo akiwa bibi harusi, kutoka kwa mama yake Isingiro. Msimu uliotangulia mvua ilikuwa haba, tukayala karibu yote. Akabakiza konzi moja kwenye kibuyu, kaichanganya na majivu wadudu wasiiguse. Konzi hiyo ilitoa mistari minne.

Nilikata majani hayo kwenye mistari miwili kwa wembe. Mama akanikuta nimechuchumaa.

"Tata, unafanya nini?" Aliniita hivyo, yaani baba, kwa kuwa nilirithi jina la baba yake.

"Majaribio, mama. Majani haya hayana kazi, yatanyauka yenyewe."

"Hata matiti yangu yamenyauka. Mbona ulipozaliwa hukuyakata?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Miche niliyoikata ilidumaa, ikawa ya njano. Wiki ya nne, mama akiwa kanisani, nikaing'oa. Mizizi yake ilikuwa karibu mitupu, haina vile vinundu vinavyolisha haragwe kwa naitrojeni ya hewani. Ili nilinganishe, nikang'oa na mizima. Michache ingetosha, nikang'oa yote, hesabu yangu ipendeze. Vinundu vilijaa, ukivipasua ni vyekundu ndani.

Mwalimu alinisifu mbele ya darasa. Akaeleza kwamba mche ukinyang'anywa akiba ya mbegu mapema hukosa nguvu ya kuotesha vinundu. Nikawaza: mama aliniambia hivyo hivyo.

Nimeyatafuta maharage yale Isingiro na Kibingo, masokoni na kwa wajomba. Bado nayatamani, na harufu ya chungu cha mama. Hayapo. Mama aliishi miaka mingi baadaye, tukala na kuongea, lakini mvua zikianza alipanda peke yake, na hakuniita tena Tata. Kwa sifa ya asubuhi moja nilipoteza mbegu ya bibi yangu, na jina ambalo mama peke yake aliniita.