Mvua ya Vijiti

Mama alizaliwa Misikhu, Baba kwao ni Nyeri, nasi tulikulia Kitale kwenye mahindi. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, kila Jumapili baada ya kanisa Mama alitupeleka kwenye msitu mdogo wa kando ya mto. Tulifikicha majani tukayanusa, tukashindana kunyamaza ili tuone nani atamwona mbega wa kwanza. Baba alikuja akiburuta miguu. Kwenda msituni bila kutafuta kuni, kwake huo ulikuwa uvivu wa watu walioshiba. Jumapili moja akatangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, wiki ijayo kila mtu atapumzika nyumbani.

Mama hakubishana. Hakuwa mtu wa kupoteza maneno, na nilimpenda kwa hilo. Alisimama penye kichuguu, akachimba shimo mbele ya matundu yake, akayafunika kwa leso na kuacha mwanga kidogo upande wa shimo. Kisha akatugawia vijiti vya kupiga juu ya gogo. Chiswa, yaani kumbikumbi, wakisikia mlio huo hudhani mvua inanyesha, wakatoka. Kwao Misikhu watoto hujua hilo kabla ya kujua kusoma.

"Kwetu hiyo ni chakula ya kuku," Baba alisema.

Tulipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Hakutoka hata mmoja, maana kila mtu alipiga mvua yake. Mama aliinama akitazama matundu, nami nikaona Jumapili zetu zinaishia hapo.

Baba alisikiliza, amekunja uso. Mkulima havumilii mvua mbaya. Alivua koti, akaninyang'anya vijiti, akapiga kwa nguvu.

"Hiyo ni ya mawe, Baba watoto," Mama alisema. "Utaharibu mahindi."

Akapunguza. Akafumba macho akapiga mvua ya Aprili, ile ndogo isiyokoma, inayomfanya asimame mlangoni akitabasamu peke yake. Sisi tukamfuata. Punde wa kwanza akatokeza mabawa, kisha wakaja wengi, wakaangukia shimoni.

Baba hakuonja hata mmoja, siku ile wala nyingine. Lakini Jumapili iliyofuata tulimkuta mlangoni ametutangulia, ameshika vijiti vyake mwenyewe, amevichonga.