Hasira Si Inda: Mkalimani Aliyesimamisha Mahakama

Naapa mimi babu yenu, mbele ya kila msomaji: simulizi hii haina chumvi hata punje.

Saa tatu asubuhi. Chumba cha mahakama kimejaa hadi madirishani. Mama Tafsiri, mkalimani mwenye miaka kumi na tisa kazini, amesimama kati ya hakimu na seremala mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Shtaka limeandikwa kwa Kiingereza: seremala amevunja mlango wa jirani yake kwa "malice".

"Unashtakiwa kuvunja mlango kwa hasira," mkalimani anatafsiri kama alivyozoea. "Ni kweli?"

"Kweli, mama. Nilikuwa nawaka! Kaazima msumeno wangu wiki tatu. Nabisha hodi, namsikia anakohoa ndani, hafungui!"

Watu wanaangua kicheko. Hakimu hacheki, anachukua kalamu aandike kwamba mshtakiwa amekiri. Kukiri huko ni miezi sita jela.

Mkalimani anaiona kalamu ikishuka.

"Mheshimiwa, usiandike! Kosa ni langu. Nimemuuliza jambo jingine kabisa."

Karani anamvuta sketi. "Shoga, kaa! Utafukuzwa kazi!"

Hakai, ingawa ana watoto watatu shuleni na mshahara unaokata roho tarehe kumi na tano.

"Hasira ni moto wa kifuu, unawaka unazima," anasema. "Neno hilo la Kiingereza ni kukusudia mwenzio aumie, hata kama wewe hupati kitu. Sisi tunaita inda."

"Muulize upya," hakimu anaamuru.

"Baba, uliuvunja kwa inda?"

"Inda? Mlango wenyewe niliuchonga mimi! Na jioni ile ile nikaurudisha, kwa bawaba mpya."

Hakimu anamgeukia jirani. "Ni kweli?"

"Kweli," jirani anajibu, macho kwenye viatu. "Na siku hizi haupigi kelele."

Hakimu anafuta shtaka, seremala anatoka huru. "Mama, umenitoa mdomoni mwa mamba!"

"Mdomo wenyewe ulikuwa wangu, baba."

Tangu siku hiyo mkalimani anaandika daftari la maneno ya mahakama. Yamefika mia mbili na kumi. "Kabla sijastaafu," anasema, "kila mkalimani awe na nakala yake."

Nilimsomea habari hii, pamoja na aya ambamo hakimu alisimama akampigia makofi. Akavua miwani.

"Babu, makofi hayo aliyapiga lini?"

"Moyoni."

"Hiyo ni chumvi. Faini yako rimu tano za karatasi, daftari langu lichapwe."

Aya nimeifuta. Rimu nimezipeleka.