Majimoto Katika Shamba la Baba Mkwe

Majimoto wanauma. Nimelikana jambo hili mbele ya mume wangu, mashemeji na hata mchungaji, lakini umri wa kusema kweli umefika: wanauma, na hawachagui mahali.

Ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa nyumba. Baba mkwe, mwenye shamba la maembe pale Nyahanga, alikuwa amechoka. Nzi wa matunda walikuwa wakitaga ndani ya maembe yake, na mnunuzi anayeyapeleka kwa wachimbaji wa Geita alikuwa amemwambia: nikikuta funza tena msimu huu, sirudi. Mzee akaazima bomba la kupulizia sumu. Mimi, niliyesoma chuo kikuu mambo yasiyohusu miembe hata kidogo, nikamsihi asiue nyuki kwa kosa la nzi. Majimoto wakizurura juu ya maembe, nikamweleza, nzi hapati utulivu wa kutaga.

"Na sisi hawatatula?"

"Hawaumi wasipochokozwa, baba."

Akakubali, msimu mmoja tu. Tukaokota maembe yaliyooza tukayafukia. Nikahamisha viota vya majimoto kwa kiroba, nikafunga kamba mti hadi mti ili wapate njia.

Kesho yake asubuhi nikamkuta mzee shambani, anakagua. Kwa Wasukuma, mkamwana hamsalimii baba mkwe kama anayeagiza soda. Nikapiga magoti papo hapo, chini ya kamba yangu mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mwangaluka. Umeamkaje?"

"Salama, baba." Wa kwanza alikuwa amefika gotini.

"Na mwanangu? Na watoto?"

"Wazima, baba." Wa kwanza alikuwa ameshaita ukoo.

"Huko mjini mvua ipo?"

"Ipo!" nikasema, kwa sauti ambayo mvua haijawahi kupewa.

Akahamia kwenye ng'ombe wa kwetu. Kwetu hatufugi hata paka, lakini niliwatangaza wote kuwa wazima. Kuinuka kabla hajamaliza ni utovu wa adabu. Kukung'uta gauni mbele ya baba mkwe hakusemeki. Na nikipiga kelele, mzee anarudi kwenye bomba lake.

"Mbona machozi, mama? Wamekuuma?"

"Hapana, baba. Ni furaha ya kukuona."

Aliponiruhusu, niliondoka kwa mwendo wa bibi harusi mpaka nilipoikata kona ya ghala. Baada ya hapo sikuwa bibi harusi tena.

Maembe yalipoiva nilikuwa mjini, kila simu ikilia nashtuka. Mwishowe akapiga mwenyewe. Mnunuzi amekuja, amepasua embe la tenga hili na la tenga lile, funza hakuna. Amechukua yote.

"Bomba nimemrudishia mwenyewe," akasema. "Majimoto wabaki."

Nikashukuru. Kisha nikasikia kikohozi cha mzee anayebana kicheko.

"Ila mama, ukija tena, nisalimie umesimama."