Ua la Zamu ya Jioni

Jua halijachomoza, lakini chumba cha kufulia cha hospitali kimekwisha kujaa mvuke, hata sura za watu zinaonekana nusunusu. Mama Pasi amesimama mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka, mikono ya gauni lake ameikunja juu ya viwiko. Mwenzake anashika pembe mbili za shuka, yeye anashika mbili. Wanalivuta, linapiga kishindo, kisha linamezwa na mashine.

Linatoka upande wa pili likiwa na mkunjo mmoja, mwembamba kama uzi. Mama Pasi analitupa katika kapu la kurudiwa.

"Ah, mama! Mgonjwa atauona huo?" mwenzake analalamika.

"Hatauona. Mgongo wake ndio utaujua," anajibu bila kugeuka.

Ana umri wa miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia ndani ya mvuke huu. Jina alilopewa na wazazi wake hulisikia siku ya mshahara tu. Hana simile na kazi iliyofanywa shingo upande, na wasichana wanaoanza kazi chini yake, yeye akiwapangia zamu, hulia juma la kwanza, kisha humheshimu maisha.

Kwa miaka mitatu sasa amekuwa akifanya zamu mbili. Huondoka nyumbani gizani na kurudi kiza kikiingia. Aliiomba zamu ya pili mwenyewe, baada ya mumewe, fundi mwashi, kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika nyonga. Mshahara mmoja haukuweza kubeba kodi ya nyumba na dawa kwa pamoja.

Madaktari walimwambia Fundi kwamba angeweza kutembea kwa fimbo, mradi ajizoeze kila siku. Hakujizoeza. Alikaa kitini, mbele ya dirisha linalotazama uwanja mdogo wa nyuma, wenye kamba ya nguo, kipande cha udongo mtupu na ukuta wa jirani.

"Nilimwacha asubuhi anautazama ukuta ule, na jioni nikamkuta anautazama," anasimulia Mama Pasi. "Na ukuta wenyewe umejengwa kombo! Kwa fundi, hayo ni mateso juu ya mateso."

Siku moja ya mapumziko aliingia katika kitalu cha bibi mmoja mwenye ulimi mkali, ambaye wateja humwita Bibi Miche. Alitaka kitu chochote cha kuuficha ukuta. Badala yake alionyeshwa mayungiyungi ya siku moja, mimea yenye majani marefu kama panga na bua linalobeba matumba mengi. Kila ua hufunguka alfajiri na kunyauka jioni. Kesho yake hufunguka jingine.

Mama Pasi alilipenda jambo hilo papo hapo. Mumewe alihitaji sababu ya kuingojea kesho.

Alizunguka kitaluni, akachagua mashina matatu yaliyompendeza kuliko yote: la rangi ya chungwa, la waridi, na jekundu lenye koo la manjano. Aliyapanda mwenyewe chini ya dirisha.

Yaliposhika na msimu wake ukafika, yalichanua kwa wingi usiotarajiwa. Kwa majuma matatu Fundi aliamka mapema kuliko jogoo wa mtaa mzima. Aliyapa maua majina, akayahesabu, akayasema yaliyochelewa. Kisha, ndani ya siku nne, yote matatu yakaisha. Yakabaki majani. Fundi akarudi kwenye ukuta wake.

Mama Pasi alikwenda kitaluni akiwa amejaa hasira.

"Uliyachagua vipi?" Bibi Miche akamuuliza.

"Kwa macho. Nilichukua yaliyokuwa yamechanua vizuri."

"Basi, mwanangu, umeajiri watu wa zamu moja. Wameingia pamoja, wametoka pamoja. Huko hospitali ndivyo mnavyofanya kazi?"

Mama Pasi anacheka anapokumbuka. "Niliona haya. Mimi, mpanga zamu! Nikamwambia, basi bibi, nipangie zamu."

Wakaketi wakachagua upya. Lile jekundu lilibaki kuwa la katikati. La chungwa na la waridi yalirudishwa, na nafasi zao zikachukuliwa na la manjano linalotangulia msimu, na la zambarau iliyoiva, gumu, linalochanua wenzake wakiwa wamechoka. Waliacha nafasi moja tupu, kando ya mlango, kwa siku za mbele. Bibi Miche aliongeza sharti moja: maua yaliyonyauka yaondolewe kila siku, la sivyo yatanata juu ya matumba na kuyachafua.

Sharti hilo ndilo lililofanya kazi ambayo dawa hazikuifanya. Mama Pasi hakuwa na muda wa kulitimiza, na Fundi hakuweza kuvumilia kuona kazi chafu. Jioni moja alirudi, akamkuta kitini kama kawaida. Fimbo iliyokuwa imeshika vumbi nyuma ya mlango ilikuwa na tope nchani.

"Niliifuta ile fimbo," anasema, na sauti yake inalegea. "Nikairudisha mahali pake. Kisha nikaingia jikoni nikamshukuru Mungu."

Kuanzia siku hiyo Fundi alitoka kila siku, kwanza hadi dirishani, baadaye hadi langoni. Mwaka uliofuata maua yalipokezana bila pengo. Ndipo ubishi ulipozuka kuhusu ile nafasi ya mlangoni. Mama Pasi alitaka jingine jekundu, kwa kuwa mumewe hulipenda.

"Jekundu la nini tena? Mimi ninayo mchana kutwa," Fundi akamjibu. "Wewe uliyeyanunua unayaona mara moja kwa juma, tena ukiwa na usingizi. Siku nyingine zote unakuta maiti."

"Mimi sikujipandia, baba. Nimekupandia wewe."

"Ndiyo maana sitakusikiliza."

Asubuhi ya pili yake alifungua lango akatembea kwa fimbo mpaka kitaluni, akipumzika njiani kila alipopata kibaraza. Alimwambia Bibi Miche kwamba anataka la zamu ya jioni. Bibi alimtolea la manjano hafifu, jembamba, lisilo na mbwembwe. Alimwonya kwamba mchana halina cha kuonyesha. Hufunguka jua linapozama, hunukia, na hukaa mpaka asubuhi.

"Hilo hilo," Fundi akasema. Lilibebwa na mjukuu wa bibi, na yeye mwenyewe akalipanda kando ya mlango, mahali ambapo dirisha halioni.

Leo bua lake limebeba matumba tisa. Mama Pasi amekwisha kumwandikia msimamizi wake kwamba kuanzia mwezi ujao atarudi kwenye zamu moja, kwani jirani, baada ya kusemwa miaka mitatu, amekubali kubomoa ukuta wake na kumlipa Fundi asimamie ujenzi mpya.

Magharibi inapoingia, anashuka kilima kidogo cha kwenda kwake, mkoba begani, miguu imevimba. Fundi ameketi kizingitini, na kabla mkewe hajafunga lango anamwita.

"Harakisha, mama! Mwenzako ameripoti kazini!"

Ua moja limefunguka, jeupejeupe katika kiza chepesi. Mama Pasi anauweka mkoba chini. Anainama, ananusa, kisha analikagua ukingo kwa ukingo, kama anavyokagua kila kinachopita mikononi mwake.

"Lina mikunjo," anasema.

"Basi litupe kapuni," mumewe anamjibu.

Mama Pasi anajivuta, anaketi kando yake kizingitini, anavua viatu.

"Hili liache," anasema. "Ahsante, Fundi."